Pasi mbili, na jirani asiyekuwa na hata kitambulisho

Nimerudi Gazi, huku Kwale, na wiki haijaisha shemeji yangu ashanichefua. Tumekaa barazani na kahawa yetu, akaanza: "Hawa Wapemba wamepewa vitambulisho wapige kura tu. Si watu wa hapa."

Maneno hayo nimeyasikia sana Leicester, Uingereza, nilikokuwa nikilea wazee. Bwana mmoja niliyemwogesha kila asubuhi alikuwa akiniambia nchi imejaa wageni. Akimaliza, ananiomba nimwongezee maziwa kwenye chai.

Uraia wa kule niliutolea jasho: ada, makaratasi, mtihani wa maswali 24, usipopata 18 umeanguka. Na bado hulali. Mwaka 2018 ilipofichuka kwamba wazee waliotoka Karibiani wakiwa watoto, wakafanya kazi na kulipa kodi umri wao wote, wananyimwa matibabu na wengine wamefukuzwa nchini kwa kukosa karatasi, weusi wengi tuliojuana tulifungua makabati tukaanza kupekua stakabadhi za zamani.

Kenya haikunivua chochote. Kwa Katiba ya 2010, aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kwa hiyo nina pasi mbili.

Jirani yetu Mpemba kazaliwa hapa, na babake kazikwa hapa. Mpaka serikali ilipowatambua Wapemba mwaka 2023, hakuwa raia wa popote. Katiba hiyo hiyo iliyonilinda mimi haimpi mtoto uraia kwa kuzaliwa Kenya tu. Sharti mama au baba awe raia. Mzazi akikosa, mtoto amekosa, na mjukuu vilevile. Waingereza nao waliacha kumpa uraia kila anayezaliwa kwao tangu 1983, ingawa kule mzazi mwenye ukaazi wa kudumu anatosha.

Nilimuuliza alikuwa akiishije. Laini ya simu, akasema, ilisajiliwa kwa jina la rafiki, basi pesa za nguru wake ziliingia kwa rafiki, na yeye mwenye samaki akawa mtu wa kuomba. "Akiwa na shida zake wiki hiyo, mimi nangoja."

Wamakonde wa Msambweni, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mkonge na miwa, iliwabidi waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikizwa. Kabila la 43 la Kenya, wakaambiwa. Hivi ni lazima mtu awe kabila ndipo awe raia? Mimi Leicester sikuulizwa kabila, niliulizwa mengine.

Basi nikamuuliza shemeji dau lake liliundwa na nani. Akacheka. "Wewe ushakuwa Mzungu," akasema, akamimina kahawa.

Jumanne nampeleka mamake jirani afisini Kwale, jina lake liliandikwa vibaya kwenye fomu. Shemeji kaomba lifti.