Muulize tu, waziwazi

Jamani hii kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili mnaijua? Ilianzia Australia mwaka 2000, nesi Betty Kitchener na mumewe Anthony Jorm ndo walioianzisha, na siku hizi kuna ya watu wazima wanaokaa na vijana, yaani wazazi, walimu, makocha, haikufanyi daktari, inakufundisha tu kuona dalili na kumshika mkono kijana mpaka afike kwa mtaalamu. Mi kilichonikamata ni pale kwenye kujiua, unatakiwa uulize kabisa "unawaza kujiua?", sio kuzungukazunguka "wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" maana hapo ushampa jibu unalotaka kulisikia. Kuuliza hakumpandikizii wazo, ila waambie wazazi wa huku kwetu uone watakavyoshtuka utadhani umetukana. Halafu kuna kunyamaza umsikilize, ambapo kwa sisi wa "enzi zetu tulichapwa na tukakua" ndo mtihani wenyewe. Na ukiona hatari humwachi peke yake, hata kama amekuapisha usimwambie mtu unamwambia anayeweza kusaidia, akununie tu.