Ile DVD niliyoenda nayo Tanga

Mwishoni mwa 2018 nilimwona kwa macho yangu yule mchekeshaji, ukumbi mdogo tu pale Sinza, viti vya plastiki, feni mbili, sisi kama watu sitini hivi tumebanana. Jina lake naliacha, namheshimu mpaka leo. Alikua na stori moja ya konda wa daladala, abiria katoa noti ya elfu kumi saa 12 asubuhi na nauli enzi hizo 400, sasa kabla hajasema neno akatoa sarafu mfukoni akaanza kuzitikisa kiganjani vile wanavyofanya makonda, chwa chwa chwa, noti kaikunja kwa urefu kaibana katikati ya vidole, halafu kimya, anatuangalia tu. Yaani hajaongea! Akanyamaza mpaka jamaa mmoja huko nyuma uvumilivu ukamshinda akapiga kelele "konda chenji yangu!", ukumbi mzima hoi. Nilicheka mbavu zikauma, na mwaka ule nilikua sina kazi tangu mwezi wa saba, kicheko nilishakisahau. Nikarudi kwa mguu mpaka Manzese natabasamu njia nzima.

Kwa hiyo niliposikia karekodi shoo yake, tena ukumbi mkubwa, makamera, mataa, nikasema hii siikosi. Nikanunua DVD halisi, elfu tano, sio ya kuchoma, nilitaka hela imfikie mwenyewe. Idd el Fitr ya 2019, ile ya mwezi wa sita, nikapanda basi Ubungo alfajiri, DVD nimeizungushia shati isije ikakwaruzika, tukapita Segera, Muheza nikanunua machungwa, muda wote naona tu sura ya mjomba akicheka.

Mjomba wangu fundi cherehani, na kwenye vichekesho humdanganyi. Ni mtu wa Mzee Majuto tangu zile enzi za maigizo ya jukwaani, kabla sisi hatujamjua kwenye filamu. Mzee alipofariki pale Muhimbili, tarehe 8 Agosti 2018, akaletwa kuzikwa kwao Tanga, mjomba alifunika cherehani yake siku tatu hakushona kitu. Alikua anatuambia kila siku, Majuto anaingia tu, hajafungua mdomo, ushacheka. Na mimi kile kitu ndo nilichokiona Sinza kwa yule kijana, nilitaka mjomba ajue kwamba bado wapo.

Usiku wa Idd, pilau imeshashuka, tukakaa sebuleni, mama na mjomba kwenye kochi, dada na watoto kwenye mkeka, nikaweka deki. Nilishawaambia wote, subirini ya konda.

Mwanzo tu nikaona mambo siyo. Nusu ya maneno Kiingereza, anaongea haraka haraka kama kuna mtu anamsukuma nyuma, na vicheko vinakuja kabla hata hajamaliza sentensi. Watoto wakaanza kugombania machungwa. Nikasema moyoni poa, ya konda bado. Ikafika. Akatoa sarafu, nikajisogeza mbele ya kochi, akatikisa, na hakuna sauti! Wameweka muziki juu yake, kinanda kinapiga, zile sarafu unaziona zinaruka kiganjani ila husikii kitu. Na pale anaponyamaza, pale penyewe, picha ikaruka kwa watazamaji, mama mmoja wa kilemba cha njano anacheka anajifuta machozi na leso. Picha kurudi kwa jamaa, tayari anaongea. Kile kimya wamekikata chote. Na kile kimya ndo kilikua stori yenyewe aisee, bila kile ni mtu tu anakuelezea habari za daladala.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Dada alitabasamu kwa ajili yangu, niliona.

Tukaendelea kuangalia, na ni mama aliyegundua. "Mbona huyu mwenye kilemba analia vilevile kila mara?" Kweli, stori ya mkwe, yuleyule, leso ileile, mkono uleule wa kulia. Stori ya mganga, tena yeye. Wamechukua kicheko kimoja cha yule mama wakakipachika kila mahali. Hapo niliumia, siwezi kuficha, kwa sababu watu walicheka kweli kwa huyu mtu, mimi nilikuwepo, alikua hahitaji kicheko cha kubandikwa hata kimoja.

Nikanyanyuka kuzima. Mjomba akasema, "Hebu ngoja mjomba. Rudisha pale kwenye daladala, halafu toa sauti."

Nikarudisha, nikatoa sauti. Chumba kikatulia, feni tu. Mjomba akavaa miwani yake ya kushonea akasogea karibu na tivii. Jamaa akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, akazitikisa, noti katikati ya vidole, akainua macho. Mjomba akaguna, bega likaanza kumcheza kidogo.

"Huyu anajua," akasema. "Mikono yake inajua. Walio—"

Picha ikaruka kwa mama wa kilemba. Mjomba akavua miwani.

"Rudisha tena," akasema.