Tafakari ya wiki: Mzee Barzilai na asali

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, habari za wiki. Zamu ya tafakari imeniangukia mimi, nimeona niongee na wazee wenzangu, vijana mtuvumilie, nyie pia huku mnakuja.

Jamani tuseme ukweli, kila wakifika kwa wazee wanatuhubiria Kalebu. Yoshua 14, mzee wa miaka 85 anasema nguvu ni zile zile za alipokuwa na 40, nipe mlima huu. Tunaitikia amina, halafu kunyanyuka mpaka ushike benchi la mbele kwanza, goti linalia kaa!, unajiuliza mlima gani sasa. Mi nina 68, kidonge cha presha kila asubuhi, ngazi za kwaya napumzika katikati. Kalebu namheshimu sana ila nilikuwa naona kama nasimuliwa habari za mtu mwingine.

Mpaka nikakutana na Barzilai, 2 Samweli 17 na 19. Huyu ana 80 na hajifichi, mfalme Daudi anamwalika akaishi nae Yerusalemu, anamjibu wazi kabisa kwamba chakula hasikii tena ladha, waimbaji hawasikii vizuri, ukinipeleka Yerusalemu ntakuwa mzigo kwako tu. Ukiishia hapo unasema huyu mzee kashajikatia tamaa. Ila rudi nyuma sura mbili, Daudi kamkimbia mwanae Absalomu, yuko Mahanaimu, watu wake wana njaa na kiu na wamechoka, nani kawafikia na vitanda, unga, dengu, kondoo, asali? Barzilai na wenzake wawili. Yaani mtu ambaye ulimi wake ndo huo hausikii kitu anawabebea wengine asali! Hapo niliweka Biblia chini nikanyamaza kidogo.

Na vita ilipoisha akateremka kutoka kwao Rogelimu kumsindikiza mfalme Yordani, walipovuka akaagana nae, akasema kijana wake Kimhamu ndo aende nae huko ikulu, mi narudi nikafie kwetu. Alijua safari yake inaishia wapi ila mpaka pale alifika. Sisi wengi tukishaona Yerusalemu hatufiki basi hata Yordani hatuendi, tunakaa barazani tunahesabu maumivu, na watoto nao wanatusaidia kutukalisha, mama usishike ndoo, mama kaa, wanafikiri ndo upendo (na ni upendo kweli, siwalaumu).

Majirani zetu Kenya walikuwa na mzee Kimani Maruge, mnamkumbuka? 2004 aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, miaka 84, kaptula na soksi ndefu, kakaa na watoto rika la vitukuu wake, na sababu moja aliyosema ni kwamba anataka Biblia aisome mwenyewe. Alifariki 2009 bado ni mwanafunzi. Mwanafunzi!

Sasa mwili nao tusiudanganye, shauku bila miguu haifiki mbali. Shirika la Afya Duniani wanashauri dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, hata sisi wa 65 kwenda juu, ni kama nusu saa siku tano, kutembea kwa haraka kidogo kunatosha, na mazoezi ya kusimama imara tusije tukaanguka maana nyonga ikivunjika umri huu ni shida nyingine kabisa. Mi niseme ukweli dakika 150 sijafika. Ila uji ukiwa jikoni nashika meza nasimama mguu mmoja mpaka uchemke, halafu mwingine, mjukuu ananicheka anasema bibi korongo.

Zaburi 92:14 inasema "Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." Nina mpapai nyuma ya jiko, umepinda, mapapai yenyewe siku hizi mawili matatu tena madogo, nilishasema ukatwe. Juzi nimevunja jani, utomvu ukanimwagikia mkononi mweupee, unanata hautoki hata kwa sabuni. Nimewaambia wauache.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ntakuwa getini kwangu na raba, tutembee mpaka kwa yule mama wa kikundi chetu anayeumwa mgongo, tumpelekee ndizi na tuombe nae. Anayekuja aje, ila taratibu jamani, goti.