Siku moja maishani mwangu: magazeti, penseli na kipande cha boksi

Saa 10 na nusu alfajiri

Adhana bado, mimi nshaamka. Mke wangu akaniambia hata macho hajafungua, "Leo usisahau samaki," nikamjibu haya, nikatoka. Mimi nauza magazeti, meza yangu iko kisiwani, Digo Road karibu na Marikiti, na nyumbani ni Likoni kwa hivo kila siku ni feri, na feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, hicho ndo kitu pekee cha bure nnachokipata mpaka jioni. Humo ndani wengine wanalala wamesimama. Mimi kichwani nina klu moja ya jana, yaani kidokezo cha kroswadi ya Kiingereza ya gazetini, iliyonilaza macho, herufi 6, inataja saba, inataja mwisho wa kiangazi, halafu inataja flower. Nshajaribu kila ua nnalolijua. Mpaka tunateremka ng'ambo, hola.

Saa 11

Mzigo umefika. Nahesabu, napanga, ya Kiingereza huku, ya Kiswahili huku, na kabla mteja wa kwanza hajatokea natoa gazeti moja naliweka chini ya mto wa kiti. Hilo ni langu na nalilipia mwenyewe, maana yasiyouzika yanarudishwa, na gazeti lililochorwa penseli nani atalipokea?

Kitu cha kwanza nafungua ukurasa wa chemshabongo, sio kichwa cha habari, habari za siasa nitasomewa na wateja bure. Majibu ya jana yako pale chini kwa herufi ndogondogo. SEVERN. Nikakaa kitako. Flower si ua! Ni kitu kinacho-flow, kinachotiririka, yaani mto, na Severn ndio mto mrefu kuliko yote katika kile kisiwa cha Uingereza, na ukichukua SEVEN ukaipachika R, ile herufi ya mwisho ya summer, umemaliza. Kila kitu kilikuwa pale pale mbele yangu. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa mahamri akaniuliza nimeokota nini.

Saa 12 mpaka saa 2 na nusu

Hapa hamna kuandika sana. Matatu, tuktuk, watu wa ofisi, huyu anataka chenji, yule anasoma kurasa nne nzima akisimama halafu analirudisha. Lakini penseli iko sikioni. Naisoma klu moja, nauza, akili inaichemsha yenyewe, narudi. Ukiniuliza mimi hii kazi na hii michezo viliumbwa pamoja.

Kwa wale hawajawahi kucheza, hizi kroswadi za mafumbo si kama zile za kuulizwa "mji mkuu wa Ufaransa". Kila klu ina vipande viwili vimeunganishwa vikafanywa sentensi moja ya kawaida. Kipande kimoja, cha mwanzo ama cha mwisho, ni maana ya jibu. Kile kingine ni ufundi, labda herufi zimevurugwa, labda neno limefichwa ndani ya maneno mengine, labda limesomwa kinyumenyume. Kazi yako ni kujua wapi pa kukata. Sentensi yenyewe inakuvuta uangalie kule wakati jibu liko huku.

Leo kulikuwa na moja ya herufi 4 inayotaja mvinyo na upande wa kushoto wa meli, hiyo nikaiandika bila kupepesa. Mtu wa Mombasa atashindwaje na PORT.

Saa 3

Sasa bango. Kila siku nachukua kipande cha boksi, naandika kwa maka ya rangi ya samawati klu 5 za jana, jibu lake, imefanyaje kazi, na maksi juu ya 10. Natundika mbele ya meza. Nlianza kama mzaha tu, siku hizi kuna watu wanapita kwa ajili ya bango na gazeti ni baadaye, na wanabishana kweli kweli. SEVERN nimeipa 9. Dereva mmoja wa tuktuk akasema ni 10, anataka kujua hiyo 1 imeenda wapi. Nikamwambia imekatwa kwa usingizi wangu.

Ile iliyopata 3 ndo ilileta mjadala. Ilitaja bata katikati ya klu, na bata huyo ni O. Kwa nini? Kwa sababu kwenye kriketi mchezaji akitoka hajapata hata ran moja, yaani pointi, wanasema kapata duck, asili yake yai la bata, umbo la sifuri. Hilo mimi sina neno nalo, ni desturi yao na ukishaijua umeijua, hata sisi tuna zetu. Mimi nlikasirishwa na kitu kingine, ile klu haikuwa na maana ya jibu popote! Ufundi mtupu, mtu unakisia. Mwalimu mmoja mteja wangu wa kila siku, mama mpole sana, akamtetea mtungaji, "Mwanangu, labda hukuiona." Tukaisoma neno kwa neno pale pale, foleni nyuma yake inasonya. Akanyamaza, akachukua maka, akafuta 3 akaandika 2.

Saa 5

Jua limepamba, biashara imelala. Akapita kijana na yunifomu katumwa, akaona bango, akaniuliza hii inasaidia nini maishani. Nikamwambia kaa hapa.

Mwezi wa Januari 1942, vita vimechacha, gazeti la Daily Telegraph la London likaita watu waje wafumbue kroswadi kwa dakika 12. Waliofaulu baadhi yao baadaye wakapata barua kimyakimya, wakaenda kufanya kazi ya kuvunja kodi za adui, yaani maandishi yao ya siri, kule Bletchley Park. Sawa, hiyo wengi wanaijua. Sasa mwaka huo huo wa 1942, Waingereza walikuwa na kikosi chao cha kuvunja kodi za Wajapani, kilikuwa Colombo, wakaona Colombo ni hatari baada ya Wajapani kuishambulia, wakakihamishia wapi? Hapa. Mombasa. Ndani ya shule ya Allidina Visram, inaangalia bahari, na wao wakapaita Kilindini tu. Humo humo walivunja kodi ya meli za mizigo za Kijapani, na mwaka 1943 wakarudi Colombo.

Kijana akasema kila siku anapita hapo na hajui. Akanunua gazeti? Hakununua. Lakini aliangalia bango mara ya pili.

Saa 7

Viazi vya karai, ukwaju, maji baridi. Swala.

Saa 8

Saa hizi nachora gridi yangu, ya Kiswahili. Naitaka ya miraba 15 kwa 15 kama zao, na ile miraba myeusi iwe ukiligeuza karatasi juu chini inabaki vile vile. Wallahi ni kazi, na si kwa sababu ya akili yangu tu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hivo ukingo wa kulia wote unakuwa a, i, o, a, a, e, na ukingo wa chini hivo hivo, halafu neno la kushuka pale pembeni litatoka wapi? Nimepata AUA, nimepata OA, zaidi ya hapo ni kilio. Kifutio kimeisha kabla ya penseli.

Klu lakini zinanitoka. Tazama hii: "Ukitaka utajiri, lima kinyume." Herufi 4. Na kinyume hapa ni kile kinyume chetu cha utotoni, unahamisha silabi, tulikuwa tukizungumza hivo wakubwa wasituelewe. LI-MA, MA-LI. Na hii fupi: "Keti na yule anayetembea upande." Herufi 3, KAA. Hiyo ya pili naipenda kupita kiasi, najua.

Saa 10 jioni

Babu amekuja. Si babu yangu wa damu, ni babu wa mtaa mzima, alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, kastaafu zamani, na ndiye aliyenifundisha huu ugonjwa. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamwitia kahawa chungu na kashata. Hasemi kitu mpaka kikombe cha pili.

Nikampa ile yangu mpya ambayo nilikuwa nimeilea siku tatu kama yai: "Sali katikati ya Mombasa." Herufi 4.

Akaangalia barabara, akaangalia kofia yake. "OMBA," akasema. "M-OMBA-SA. Nzuri. Nakupa 6."

Sita! Nilikuwa nangoja 10 na kupigwa mgongoni. "Babu, sita kivipi?"

"Wasema katikati. Hebu hesabu. Mbele ya OMBA ziko herufi ngapi?" Moja. "Na nyuma?" Mbili. "Basi katikati yatoka wapi? Yule mtu aliyekaa usiku kucha akitafuta neno lililo katikati hasa, wamwambia nini kesho?"

Nikasema lakini watu wataelewa. Hapo akaniwekea kikombe chini, na akiweka kikombe chini ujue umepatikana. Akaniambia kulikuwa na mtungaji Muingereza akijiita Afrit, naam, afriti yule yule unayemjua, jini, kalifinyanga kutoka jina lake mwenyewe, na mwaka 1949 aliwaachia watungaji sheria: si lazima ukusudie ulilolisema, lakini lazima useme ulilolikusudia. "Mpoteze mtu," Babu akasema, "mzungushe mpaka Makupa na umrudishe. Lakini usimdanganye. Hapa Mvita tangu enzi za mshairi Muyaka watu wamepigana kwa mafumbo, mwenye kufumbiwa akiumia aumie kwa sababu lilikuwa wazi mbele yake akapita. Akiumia kwa sababu wewe umekosea hesabu, huo si ushairi, ni uvivu."

Nikaichukua penseli nikafuta katikati nikaandika ndani ya. "Sali ndani ya Mombasa." Inasomeka vizuri zaidi hata, na nimechukia kukubali.

"Tisa," akasema, akaondoka. Kahawa kalipa yeye, hataki kulipiwa.

Nilikaa pale nikaangalia upya klu zangu zote za wiki nzima na nikaanza kuona aibu moja moja. Ile ya lima inasimama. Ya kaa inasimama. Moja nilikuwa nimeandika bandari wakati neno lililofichwa linataka bandarini, nikaichana kabla ya mtu kuiona, na nyingine mbili sitazitaja hapa.

Saa 12 jioni

Nahesabu yaliyobaki, nafunga kamba, nafunika meza. Feri imejaa mpaka pumzi ni za zamu. Nimebanwa kati ya mkokoteni na mama mwenye beseni, na hapo hapo ikanijia nzima nzima bila kuitafuta, nikaiandika kwenye kiganja: "Samaki wamevurugika, yaja mvua kubwa." Herufi 6. Nikaipima kwa mizani ya Babu. Herufi zote zipo? S, A, M, A, K, I, zipo, hakuna iliyozidi. Nimesema kuwa zimevurugwa? Nimesema. Maana ya jibu ipo? Ipo, mwishoni. Yaja inashikanisha tu. Nlikuwa natabasamu kama mtu aliyeokota pochi.

Saa 1 na nusu usiku

Nimeingia nyumbani hata viatu sijavua nikamsomea mke wangu, yuko jikoni ananipa mgongo, anakuna nazi.

"MASIKA," akasema, hata mkono haukusimama.

Nikabaki na mdomo wazi. Siku nzima watu wazima wanabishana barabarani, yeye sekunde mbili na mbuzi ya nazi chini yake.

"Na hao samaki," akageuka sasa, akaniangalia mikono, "wako wapi?"

Nimerudi barabarani na torchi ya simu. Kuna mzee mmoja huwa anakaanga papa karibu na stendi mpaka saa 3, Inshallah hajafunga.