Pipa la 41

Shimo lilikuwa nyuma ya ghala la pamba, si mbali na mwembe ambao wapakiaji walizoea kujipumzisha chini yake. Ukipita bila kuambiwa ungedhani ni kipande cha uwanja kilichogoma kuota nyasi. Ilikuwa Julai 2011, Usukumani, kiangazi kimekolea. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye timu ya watu wanane iliyokwenda kufukua dawa za pamba zilizofukiwa hapo miaka ya 1990: DDT ya unga, endosulfani ya maji, na nyingine ambazo lebo zake zilishaliwa na mchwa.

Mtu akisikia kufukua anafikiria koleo. Siku nne za kwanza hatukushika koleo kwa maana hiyo. Tulitoboa vishimo vya kupimia kuzunguka eneo lote ili kujua sumu imeishia wapi, tukazungushia kamba, tukasimamisha paa la turubai, tukachimba mtaro wa kuzuia maji endapo mvua ingekuja kwa makosa. Kisha tukagawa uwanja sehemu tatu: eneo chafu, eneo la kuvulia mavazi ya kazi, na eneo safi, ambako ndiko upepo ulikotokea. Kitambaa chekundu juu ya mti kilituonyesha upepo, na kikigeuka, kazi inasimama.

Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa maneno machache, ila habari ya Vikuge aliirudia kila asubuhi kama dua. Vikuge iko Kibaha, mkoa wa Pwani. Banda la viuatilifu liliporomoka pale, baadaye mabaki yanayoonekana kwa macho yakazolewa, kazi ikahesabiwa imekwisha. Watafiti wakaja kupima udongo, na matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kuwa udongo wa juu ulikuwa na DDT na masalia yake hadi asilimia 28. Maji ya kisima nayo yalikutwa na dawa. "Kwenye kilo moja ya udongo, zaidi ya robo kilo ni dawa," alituambia, akishika mfuko wa sukari wa kilo moja aliokuja nao kwa kazi hiyo tu. "Sasa nyie mkiniletea mapipa mkaniachia udongo, mmefanya nini?"

Kwa hiyo udongo nao tuliuchota, tukaupakia, tukaupima. Ulinyunyiziwa maji kidogo, kiasi cha kulaza vumbi, kwa sababu ukizidisha unapata tope na tope linateremsha sumu chini zaidi. Kila kitu kiliingia kwenye mapipa mapya ya kusafirishia, na fagio tulilofagilia nalo likaingia, na ovaroli zikaingia. Safari ya yote hayo ilikuwa bandarini Dar es Salaam, kisha Ulaya, kwenye tanuru la joto la zaidi ya nyuzi 1,100. Wenyeji walituuliza kwa nini tusimwage dizeli tukachoma pale pale. Moto wa dizeli hauna joto hilo. Ungetoa moshi wenye dayoksini, sumu nyingine kali, ungeshukia vijijini.

Joto la ndani ya ovaroli lile sitalisahau. Mikono imefungwa utepe juu ya glavu, miguu imefungwa utepe juu ya gambuti, barakoa ya uso mzima inakukamua kama chungwa. Dakika 40, unatoka. Kutoka ndiko kulikotisha kuliko kuingia, maana umechoka, una kiu, unataka kuivua barakoa kwanza. Huivui. Unaosha buti, unatoa glavu za nje, unaikunja ovaroli ndani iwe nje, ndipo barakoa, na glavu za ndani mwisho kabisa. Kijana mmoja alijisahau akajipangusa jasho kwa kiwiko. Mkufunzi alimpeleka bombani akamsimamia dakika kumi na tano kwa saa ya mkononi, na siku hiyo hakurudi ndani.

Kulikuwa na ugomvi mmoja wa maziwa. Vibarua walitaka walau nusu lita kila mtu jioni, kwa sababu kila mtu anajua maziwa yanaua sumu. Mkufunzi akakataa katakata: DDT inapenda mafuta, na maziwa yana mafuta, kwa hiyo unaisaidia kuingia mwilini. Wengine waliamini anabana matumizi.

Mlinzi wa ghala, mzee wa makamo ya baba yangu, ndiye aliyekuwa na daftari la chama cha ushirika. Alikuwa miongoni mwa wanne waliofukia. Walifanya kazi ile kwa kaptura, alisema, wakapewa mche mmoja wa sabuni wagawane. Daftari lilisema mapipa 41. Mapipa yenyewe yalikuwa yameoza, ukiligusa linabaki kutu mkononi, kwa hiyo niliyahesabu kwa pete za vifuniko, ambazo chuma chake ni kinene. Nilizipanga kwenye nailoni kumi kumi. Zikafika 40. Nikahesabu tena. Tukapekua udongo tuliokwisha kuupakia, siku nzima ikapotea.

Jioni mzee akanivuta pembeni. "Mwanangu, usiwasumbue wenzio. Moja halikuingia. Lilikuwa tupu, nikalichukua."

Lilikuwa nyumbani kwake, chini ya mchirizi wa bati, limejaa maji. Lita 200, limepakwa rangi ya kijani, safi kuliko vyombo vyetu. Tangu mwaka ule. Mkewe alikuwa akichota kwa kata ya kibuyu tulipofika, akatukaribisha, na mimi nikasimama pale nisijue pa kuweka macho.

Kama bado lilikuwa na dawa baada ya kuoshwa miaka yote hiyo, pale hakuna aliyeweza kujua. Kulichukua ilikuwa lazima. Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hakukataa. Aliuliza swali moja: "Mtaniletea lini jingine?"

Kwenye bajeti kulikuwa na fungu la makontena, la meli, la vichujio vya barakoa, la kupima damu zetu kabla na baada. Pipa la maji la mama mmoja halikuwa na fungu. Kiongozi wa timu alipiga simu mjini, akaambiwa aandike barua. Tukachanga sisi wenyewe, vibarua na mlinzi wa usiku wakiwemo.

Nikaenda mnadani Jumamosi. Muuzaji alinionyesha pipa la plastiki la bluu, zuri, bei nafuu. Nikamuuliza lilibeba nini. "Sabuni," akasema haraka mno. Nikaingiza pua: si sabuni niijuayo. Nikaliacha, nikanunua tangi jipya la lita 100 lenye kifuniko, pesa ikaishia hapo.

Tulilichukua lile la kijani tukiwa tumevaa kamili, ovaroli nyeupe na barakoa, katikati ya watoto wa jirani waliokuwa wakicheka. Mayu hakucheka. Alituangalia tulivyolifunga kwa nailoni mara mbili, tukalibeba kwa uangalifu kama mgonjwa, chombo ambacho yeye alikuwa akikikumbatia kukisugua ndani kwa mchanga. Mizani yangu ilisoma kilo 19. Nikajaza fomu.

Kisha akalisogelea tangi jipya, akaligonga kwa kiganja, akalizunguka.

"Hili ni madumu matano," alisema. "Lile lilikuwa kumi."

Kisima kilikuwa ng'ambo ya reli.