Siku Moja Maishani Mwangu: Pengo la Dana

Saa kumi na mbili asubuhi

Kabla kengele ya simu haijalia, WhatsApp imeshaniamsha. Dada mmoja wa Ugunja ametuma picha hamsini na tatu za harusi ya mdogo wake, zote usiku wa manane, na zote zimebanwa. Picha ikipitia huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa, upande wake mrefu ukabaki na pikseli kama 1,600 hivi, ilhali ukurasa wangu unataka 3,600. Nikiivuta mpaka ijae, nyuso zinakuwa uji. Namjibu nikiwa bado ndani ya neti: "Dada, habari ya asubuhi. Tafadhali zitume tena kama dokumenti, si kama picha." Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi hadi nikigusa tu "Dada", simu inamalizia yenyewe.

Saa mbili

Kutoka Migosi hadi mjini Kisumu ni boda moja, na leo dereva hana maneno mengi. Duka letu liko ghorofani, kwenye kichochoro kinachotokea Oginga Odinga Street. Binamu yangu anakaa mbele na wateja wa picha za pasipoti. Mimi niko nyuma ya pazia na kompyuta, skana, na chai ya chupa.

Watu huniuliza ninafanya nini hasa. Natengeneza albamu za kumbukumbu. Zamani ungekata picha kwa mkasi, ukaibandika kwenye daftari nene pamoja na tiketi ya basi, ua lililokauka na maneno mawili matatu ya kalamu. Nami nafanya hayo hayo, ila karatasi, utepe, kibandiko na hata kivuli cha kibandiko vyote viko kwenye skrini, kila kimoja kwenye leya yake, yaani tabaka lake. Ukurasa ni inchi 12 kwa 12. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa kila inchi, hesabu ndiyo hiyo: 3,600 kwa 3,600.

Kazi ya leo ni albamu ya mama anayetimiza miaka 80. Bintiye ni mwalimu mstaafu kutoka upande wa Siaya, na anakuja saa tisa kuangalia kurasa za mwanzo. Zimebaki sita.

Saa tatu

Naanza na picha zilizokwama. Wengi wetu nyumbani tulikuwa na zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu. Baada ya miaka thelathini gundi hiyo haiachii kitu. Ukivuta kwa kucha, picha inakunjika na ngozi yake inapasuka. Dawa yangu ni uzi wa kusafishia meno: naupitisha chini ya kona ya picha, naushika pande zote mbili, kisha nausukuma huku na huku polepole kama msumeno. Picha moja inanichukua dakika tano, nyingine ishirini. Binamu yangu hudhani nacheza.

Kioo cha skana nakifuta kwa kitambaa kikavu laini, maana vumbi usiloliona sasa utalifuta baadaye kwa brashi, chembe moja moja, mpaka mgongo ukuume. Picha za kawaida naziskani kwa pikseli 600 kwa inchi. Za pasipoti, ambazo ni milimita 35 kwa 45, nazipandisha hadi 1,200. Napata pikseli kama 1,650 kwa 2,125, na mzee aliyekuwa wa ukubwa wa kidole gumba anaweza kukaa robo ya ukurasa bila aibu.

Saa nne na nusu

Hapa ndipo asubuhi yangu huishia kila siku: rangi.

Picha za rangi za miaka ya sabini na themanini zikizeeka huwa nyekundu. Karatasi ile ilikuwa na rangi tatu zilizolaliana, ya samawati-kijani, ya zambarau-nyekundu na ya manjano, na mara nyingi ile ya kwanza ndiyo iliyochoka mapema hata albamu ikiwa kabatini gizani. Kinachobaki ni wekundu. Kuna picha hapa ya kina mama watatu mbele ya nyumba ya mabati. Mabati ni ya waridi, anga ni ya waridi, hata mbuzi ni wa waridi.

Sibonyezi kitufe kinachojirekebishia rangi chenyewe. Nafungua kurva, ule mstari wa kupandisha na kushusha rangi, na kuishughulikia kila rangi peke yake: wekundu naushusha katikati, kijani nakipandisha kidogo, buluu naigusa mwishoni. Natafuta kitu ninachojua rangi yake. Kwenye picha hii ni soksi za shule za mtoto aliyesimama pembeni, nyeupe. Soksi zikiwa nyeupe, mabati yanarudi kuwa mabati.

Kisha nyuso, na hapa ndipo vitufe vya haraka vinaponiudhi. Kitufe huona weusi wa uso kama kivuli kinachohitaji kuangazwa, basi kinaupandisha mpaka mtu awe rangi ya jivu. Ubaya huo una historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha kila mtu. Mimi uso nauwekea maski yake, yaani nautenga na picha nyingine, nauacha na weusi wake, naongeza mwanga mdogo tu pale jua lilipogusa kweli: kwenye paji, juu ya shavu, ncha ya pua. Ngozi yetu inang'aa kwa hayo mapande madogo ya mwanga. Ukiyafuta ili uso uwe "laini", umebakiza ubao.

Saa saba

Ugali, omena na sukuma kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na Jubilee Market. Leo omena ina chumvi mno. Nimekula yote.

Saa nane

Kupanga kurasa. Kila ukurasa nachagua picha moja iwe mwenyeji, nyingine ziwe wageni. Mwenyeji napenda achukue karibu nusu ya nafasi. Anayetazama kushoto namweka kulia, ili macho yake yaingie ndani ya ukurasa badala ya kutoka nje. Fremu naichora kwanza, kisha picha naikatia ndani yake bila kufuta chochote; nikibadili nia naisogeza tu, sehemu iliyofichwa ingalipo.

Vivuli ndivyo vinavyofanya kibandiko kionekane kimebandikwa, navyo vina adabu yake. Nimeviweka digrii 120, mwanga utoke juu kushoto, kwa ukurasa mzima. Kivuli cha utepe ni chembamba, cha picha kinene kidogo, cha kitufe cha nguo kifupi na kizito. Nimewahi kuona kazi ya mtu ambapo ua lina kivuli kulia na picha ina kivuli kushoto, kana kwamba ukurasa ule una majua mawili.

Milimita tatu za pembeni ni za kisu cha mchapaji, na katikati, penye mkunjo, hapakai uso wa mtu. Hilo nililijua kwa machozi, kwenye albamu ya harusi ambamo bwana harusi alipotelea kwenye mshono.

Saa tisa

Mwalimu amefika kamili, na mwavuli ingawa jua linawaka. Namkaribisha kiti. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, nyathina. Nionyeshe."

Kurasa tatu za kwanza anaguna kwa furaha. Kwenye soksi za mtoto anacheka: "Huyu ni mimi!" Ukurasa wa nne anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena na kuinama karibu na skrini.

"Haya meno ni ya nani?"

Naangalia. Ni nyanyake, "Dana" kama tunavyosema kwa Kijaluo, amesimama mlangoni, anatabasamu wazi. Kwenye picha ya asili uso huo ulikuwa na upana wa sentimita moja, yaani pikseli 236 kwa skana yangu, nami nilitaka awe mwenyeji wa ukurasa. Jana jioni, nimechoka, niliupitisha kwenye programu ya akili mnemba inayonoa nyuso. Ilinipa macho safi, nyusi safi, na safu nzima ya meno ya chini, meupe, yamepangika vizuri.

"Dana hakuwa na meno haya," anasema mwalimu, akiyahesabu kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. "Sita ya chini yalitolewa akiwa msichana. Nak, ile desturi yetu Wajaluo ya kung'oa meno ya chini ya mbele. Hata filimbi alikuwa akipiga kwa hilo pengo."

Ninachoona aibu si programu. Bibi yangu mwenyewe, wa Seme, alikuwa na pengo hilo hilo. Utotoni nilikuwa nachungulia ulimi wake akisema herufi s. Niliyapita meno yale jana na hayakunishtua, kwa sababu yalikuwa mazuri. Programu ilijifunza vinywa kutoka nyuso nyingi, na vingi vina meno. Ilipokuta giza kwenye tabasamu ikadhani ni uharibifu, ikajaza.

"Samahani, mwalimu. Hayo ni makosa yangu."

"Yatoe tu. Mama akiuona huu ukurasa atauliza umemweka mwanamke gani wa watu kwenye mlango wa mamake."

Bahati nzuri picha ya asili iko chini kabisa, kwenye leya niliyoifunga. Nazima ya juu na Dana anarudi: ana ukungu kidogo, chembechembe za karatasi zinaonekana, kinywa kimekuwa kivuli. Naskani tena kwa 1,200 mwalimu akitazama. Mstari wa mdomo unaongezeka kidogo tu, kwa kuwa karatasi yenyewe haikuhifadhi zaidi ya hapo. Basi nampunguza. Anakuwa mdogo, wa ukubwa wa kadi ya posta, peke yake katikati ya ukurasa, karatasi ya nyuma rangi ya udongo, bila ua wala utepe. Chini yake mwalimu ananiandikisha jina la kijiji na neno moja la Kijaluo ambalo sitaliandika hapa, ni lao.

"Sasa huyo ndiye," anasema. Halafu, akiwa mlangoni: "Na mbuzi asitoke. Huyo mbuzi alikuwa mwizi."

Saa kumi na nusu

Stima imepotea. Betri ya akiba ina dakika kumi, inapiga kelele kama kifaranga. Nahifadhi faili, nazima, nakunywa chai iliyopoa nikisikiliza jenereta za jirani zikiamka moja baada ya nyingine.

Saa kumi na mbili jioni

Imerudi saa kumi na moja na robo. Nimepitia kurasa zote za nyuma zenye nyuso nilizonoa wiki hii, nikizilinganisha na za asili, leya juu, leya chini. Nimepata mzee mmoja aliyepewa kope za msichana na mtoto aliyepoteza kovu la kidevuni. Kope nimezitoa, kovu nimelirudisha. Kurasa nazitoa kama JPEG za ubora wa juu kabisa, kwa mfumo wa rangi wa sRGB kama anavyotaka mchapaji, na ile ya Dana naihifadhi mara mbili.

Dada wa Ugunja amejibu. Ametuma tena picha zote hamsini na tatu, kama picha.

Boda anapiga honi chini. Faili ya mwisho ya leo inaitwa dana_pengo_SAWA_mwisho_2.