Kihisi cha zebaki kimewaka katika maji ya bahari

Kihisi changu cha zebaki, yaani molekuli inayowaka ikikutana na zebaki, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikiwaka bila taabu katika maji ya kisima na kuzimika kabisa katika maji niliyoyateka Malindi wakati wa maji kujaa, hatimaye kimewaka katika yote mawili. Maandalizi ya haidrazidi ya rodamini B, kiungo cha rangi ambacho kihisi hiki hujengwa juu yake, nayaruka, kwa kuwa wenye kazi hii wanayajua.

Molekuli ya mwanzo iliishika ioni ya zebaki kwa oksijeni na nitrojeni: pete ya spirolaktamu, ile inayouzuia mng'ao ikiwa imefungwa, hufunguka, na mchanganyiko usiokuwa na rangi hugeuka waridi na kutoa mng'ao wa rangi ya chungwa chini ya taa ya kijani. Katika maji ya bahari, hata nilipotia zebaki kwa mkono wangu, kuveti, yaani kichupa angavu cha kupimia, ilibaki bila rangi kabisa. Nilishuku mwani, nikashuku shaba, ambayo ina tabia ya kuumeza mng'ao, nikachuja na kuchuja tena bila faida. Ndipo nilipochukua maji yaliyotoneshwa, nikatia katika chupa moja kloraidi ya sodiamu kiasi cha gramu 32 kwa lita, na katika nyingine naitreti ya sodiamu kwa idadi ileile ya moli, yaani chembe. Ya naitreti iliwaka; ya kloraidi ilikufa. Kumbe tatizo halikuwa chumvi kwa ujumla wake, bali kloraidi, ambayo bahari inayo takribani gramu 19 kwa kila lita na ambayo huizingira zebaki mpaka haibaki ioni huru ya kushikwa.

Kumenyana na kloraidi kwa mshiko unaoachia na kurudi ni kazi bure. Nikageukia njia iliyotangazwa mwaka 2005 na wanakemia wa Korea Kusini, ya kuweka salfa ndani ya molekuli: zebaki huing'oa salfa hiyo, pete mpya ya oksadiazoli hujifunga, na mmenyuko haurudi nyuma. Katika maji ya bahari rangi huchelewa, lakini huja, na nikiri kwamba nililitazama waridi lile kwa majivuno. Fedha, ile metali, nayo huweza kuing'oa salfa, ila hapa kloraidi ile iliyonitesa hunisaidia, kwa kuwa huikamata fedha pia.

Tahadhari moja: sampuli zilizohifadhiwa kwa asidi ya nitriki lazima zirudishwe karibu na pH 7, pasipo asidi wala besi, kwani asidi peke yake huifungua pete na kukupa zebaki isiyokuwapo. Kuhusu vifaa, taa ya LED ya kijani na karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa vinatosha kwa jicho. Kamera ya simu siiamini mpaka niufunge mpangilio wake wa mwangaza usibadilike, maana hujirekebisha yenyewe na kuzifananisha kuveti zisizofanana.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, na kiasi kidogo kabisa ninachoweza kukigundua bado kiko juu yake. Nilipanga sasa kutengeneza vipande vya karatasi vyenye kihisi, lakini nimeviweka kando, kwa sababu nimevutwa na kihisi kingine, cha shaba: kurkumini, yaani rangi niliyoikamua kwa ethanoli kutoka manjano ya Kizimbani, Unguja, hung'aa kijani chini ya miale ya urujuanimno na hufifia nikiitonea shaba. Tatizo lake ni kwamba huharibika katika maji yenye ubesi, na bahari ina pH ya karibu 8.1, kwa hiyo wiki hii natafuta bafa, yaani mchanganyiko unaoidhibiti pH, ya kuishusha pH hiyo bila kuigusa shaba yenyewe.